Hesabu pungufu, utani uliovuka mpaka na mama asiyesikia: majibu ya maswali yenu ya kazini

Barua nyingi za mwezi huu zinamlalamikia mtu: mwenzangu mjeuri, mwenzangu ananichimba, mwenzangu hanisikii. Tulipozisoma mara ya pili tuliona kwamba nyuma ya huyo mtu kuna kazi iliyoachwa wazi: mzigo usiohesabiwa, ufunguo usio na mwenyewe, agizo lililotolewa kwa sauti isiyofaa. Kwa hiyo majibu yetu mengi yanaanzia kwenye kazi. Majina ya watu na ya sehemu za kazi hatukuyaweka.

Zamu yangu ikianza, mbao zimepungua

*Ni mtunza stoo kwenye kiwanda cha mbao hapa Mafinga. Tuko wawili, tunapokezana asubuhi na jioni. Nikiingia zamu nakuta mbao pungufu kuliko alivyoandika mwenzangu. Nikimuuliza anafoka, "Unanifanya mimi mwizi?" Sasa hatusalimiani. Mbaya zaidi, bosi anataka kunikata 95,000 mwezi huu kufidia, na mshahara wangu ni 320,000. Huyu mtu nimfanyeje?*

Pole sana, ndugu yetu. Kununiana na mtu mnayekabidhiana ufunguo kila siku kunachosha kuliko kubeba mbao zenyewe. Lakini tukwambie wazi: kwa ulivyoeleza, hakuna anayeweza kujua kama mwenzako anaiba, anakosea kuhesabu, au unayekosea ni wewe. Kila mmoja anahesabu peke yake, na hesabu ya mtu mmoja haimtetei yeyote, hata aliyeifanya.

Mwombe msimamizi zamu zenu zipishane kwa dakika 20. Anayeingia afike dakika 20 kabla, anayetoka asiondoke mpaka mmesaini, na dakika hizo zihesabiwe kuwa kazi, la sivyo baada ya wiki moja mtu atachoka kuzitoa bure. Mkiwa wawili uwanjani, pitieni kila ukubwa kivyake: 2x4 ya futi 12, kisha 2x4 ya futi 10, kisha 2x6, kisha 1x8. Mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anaandika, na kesho mnabadilishana. Marundo yapangwe pisi 10 kwa upana na tabaka 10 kwenda juu. Rundo la namna hiyo ni pisi 100, na likipungua jicho linaona kabla ya kidole. Lisilojaa linahesabiwa pisi kwa pisi.

Msihesabu kwa kusimama mbele tu. Mbao ya futi 10 ikichomekwa kwenye rundo la futi 12 na kusogezwa ilingane na wenzake upande wa mbele, huwezi kuitambua. Zunguka nyuma, utaona tundu. Hapo ndipo pisi sita "zinapotea" kwenye futi 12 na pisi sita "zinaongezeka" kwenye futi 10, na watu wawili waaminifu wanagombana mwezi mzima.

Daftari liwe la nakala za kaboni, lenye kurasa zilizopigwa namba. Kila mstari uwe na tarehe, saa, ukubwa, idadi na saini mbili. Andikeni kwa peni. Mkikosea, pigeni mstari mmoja juu ya kosa, andikeni sahihi pembeni, wote wawili msaini hapo. Nakala moja iende ofisini, nyingine ibaki kwenye daftari. Neno "sawa" au "kama jana" lisionekane humo, kwa sababu siku ya kesi halina idadi.

Sasa, sehemu ya kwanza ya kutilia shaka kabla hujamtilia shaka mwenzako ni gari linalopakia wakati zamu inabadilika. Fuso imeanza kupakia saa 11 na nusu jioni, zamu inakwisha saa 12. Anayetoka ameandika pisi 200 zimetoka, wapakiaji wakaendelea mpaka 230. Anayeingia anaona gari limejaa, anadhani zote zilishaandikwa. Zile 30 hazimo katika daftari la mtu yeyote. Wekeni utaratibu huu: aliyeanza kupakia ndiye anayemaliza na kusaini geti pasi, hata kama zamu yake imekwisha, na makabidhiano yanafanyika gari likishatoka getini. Ulizia pia ni nani mwingine ana ufunguo. Kama yupo wa tatu, jina lake liingie kwenye daftari kila anapofungua.

Kuongea naye usifanye mbele ya wapakiaji. Msalimie kwanza, hata kama hajakuitikia siku tatu. Kisha sema maneno kama haya: "Kaka, jana uliniandikia 2x4 futi 12 pisi 380. Mimi nimepata 362. Njoo tuhesabu wote, huenda nimekosea mimi." Humo hamna mwizi, kuna 380 na 362. Ukianza na "kila siku unanipunguzia", umempa kitu cha kugombania na hesabu itasahaulika.

Baada ya wiki mbili, kaeni na daftari. Tofauti ikiwa imekwisha, tatizo lilikuwa kuhesabu, na ungekuwa uungwana kumwambia hivyo kwa mdomo wako. Ikiwa imebaki na inajitokeza siku fulani tu, zile kurasa mpelekee msimamizi, na umjulishe mwenzako kabla hujaenda.

Kuhusu makato, hapa simama imara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa kukadiria tu. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi na alivyokipata, na akupe nafasi ya kupinga. Hata ukikutwa na kosa, makato hayo hayatakiwi kuvuka robo ya mshahara wako wa fedha. Robo ya 320,000 ni 80,000, kwa hiyo 95,000 imepita kiwango hata kabla hatujauliza kosa ni la nani. Andika barua ya nusu ukurasa uombe maelezo hayo, baki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa na aliyeipokea. Iandike kwa adabu, na uipeleke kabla ya siku ya mshahara.

Mama wa miaka 50 hasikii maelekezo yangu

*Nina miaka 24, ni msimamizi wa meza ya kupanga parachichi kwenye kituo cha kufungashia huku Rungwe. Kuna mama wa makamo, mwenyeji kuliko mimi. Nikimwelekeza ananiambia, "Mwanangu, kazi hii nimeianza wewe ukiwa shuleni." Wenzake wanacheka. Nikimshtaki nitaonekana sina adabu, nikinyamaza katoni zinarudishwa.*

Dada yetu, shikamoo ya asubuhi haikupunguzii cheo. Mwamkie kila siku, wewe ukitangulia, na umfuate alipo. Wasimamizi vijana wengi hukosea kwa kuacha kuamkia wakidhani ndivyo wataogopwa. Kosa la upande wa pili ni kugeuza kila agizo kuwa ombi: "Mama, kama hutojali, labda tungeweza..." Mtu mzima akisikia hivyo anaona jambo lenyewe halina uzito. Adabu iwe kwenye salamu na sauti, agizo lenyewe liwe kamili.

Jambo kubwa zaidi ni mahali unapomwelekezea. Ukimsahihisha ukiwa upande wa pili wa meza, wote wanasikia, na lazima ajitetee mbele yao. Mfuate, simama ubavuni kwake, mwekee tunda mkononi. Tuseme shida ni kikonyo. Chukua parachichi lenye kikonyo kirefu na jingine lililotobolewa nalo ndani ya katoni, mshikishe yote mawili: "Mama, hebu niangalizie hili. Kikonyo hiki kimemchoma mwenzake. Likisafiri wiki kadhaa baharini, hapa ndipo linapoanza kuoza. Tukate kibaki kifupi kabisa, ila tusikinyofoe chote, maana shimo likibaki wazi uozo unaingilia hapo hapo." Hapo hujamwambia hajui kazi. Umemwonyesha tunda, na kidonda anakiona mwenyewe.

Kama shida ni kuchanganya saizi, tumia mzani. Katoni ya kilo 4 yenye namba 18 ina matunda 18, yaani kila moja lina gramu kama 220. Namba 22 ni gramu kama 180. Akitia matunda ya 22 kwenye katoni ya 18, uzito hautafika, na katoni itarudi. Pimeni wote wawili katoni tatu zilizorudishwa, mara moja tu, bila hadhira. Mzani hauna umri, na hakuna wa kuubishia.

Halafu mtumie. Mtu aliyeanza kazi wewe ukiwa shuleni anajua mambo ambayo wewe bado: tunda gani limechumwa changa, mkulima gani mzigo wake huja na michubuko. Wapya wakija, wakae naye siku tatu za mwanzo, na uwatangazie wewe mwenyewe kwamba ndiye anayewafundisha. Mtu anayefundisha wengine kukata kikonyo vizuri huona aibu kukiacha kirefu mwenyewe. Tunalisema hili kwa moyo wote, kwa sababu tumeona barua nyingi za vijana wanaopoteza hazina kama hii kwa kugombania nani mkubwa.

Ukishaongea naye faragha mara mbili na bado katoni zake zinarudi, andika idadi kwa zamu kwa wiki moja: ngapi zimefungwa, ngapi zimerudi, kwa sababu gani. Andika za watu wote mezani, si zake peke yake, vinginevyo itaonekana umemwandama. Kikao cha tatu kiwe na meneja, na idadi hiyo iwe mezani. Usimtumie mtu mwingine akamwambie. Ujumbe wa kupitia kwa jirani hufika ukiwa umeongezewa chumvi.

Utani wa mbwa kila mchana

*Mimi ni Mhehe, nafanya kazi ofisini Mbeya mjini. Kila nikifungua chakula cha mchana mwenzangu mmoja anauliza kama ni mbwa. Mwanzoni nilicheka. Sasa mwaka umepita, na nikinyamaza kidogo anasema nisije nikajinyonga. Wengine wananiambia ni utani tu, nisiwe na hasira za Kihehe.*

Utani tunaufahamu na tunaupenda, na ndiyo sababu hatukubali jina lake litumiwe hivi. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali miaka ya 1870 na 1880, na leo ni watani. Lakini mtani ana wajibu. Ndiye anayekuja msibani, anashika jembe na kufanya kazi huku akiwachekesha wafiwa. Anatania na kutaniwa, na anajua kusoma uso wa mtu. Mtu anayekurushia maneno ya aina moja mwaka mzima, upande mmoja, na hajawahi kukusogelea siku ya shida, hakutanii.

Yale ya kujinyonga yatenge kabisa na ya chakula. Hayo si ya kuvumilia hata siku moja zaidi. Meza hiyo hiyo anaweza kuwa amekaa mtu aliyefiwa kwa namna hiyo, au anayepigana na mawazo hayo kimyakimya. Mwite pembeni, msiwe na watu, wala usisubiri mpaka umekasirika. Mwambie, "Maneno ya kujinyonga usinitamkie tena. Na habari ya mbwa nimeichoka, naomba iishe leo." Kisha nyamaza. Usieleze sana, usicheke mwishoni ili kupunguza makali, kwa sababu kicheko hicho ndicho atakachokikumbuka. Na tangu siku hiyo wewe pia usimrushie utani wa kabila lake, hata ukichokozwa.

Akirudia, andika tarehe, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, na waliokuwepo. Mara mbili au tatu zinatosha kumpelekea msimamizi kwa maandishi. Kwenye barua usiandike "ananitania". Andika "ananibughudhi kwa sababu ya kabila langu". Sheria ile ile ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, kabila ikiwemo, na inahesabu bughudha ya namna hiyo kuwa ubaguzi. Msimamizi akilijua hilo hawezi kukurudishia barua kwa jibu la "mzoee tu".

Na hao wanaosema hasira za Kihehe, usiwajibu. Ukiwajibu mjadala utahamia kwenye hasira zako.

Wanaongea kilugha, mimi sielewi

*Nimetoka Mwanza, nimehamia Tukuyu. Ofisi nzima wanaongea Kinyakyusa hata tukiwa kazini. Nahisi wananisema.*

Uwezekano mkubwa hawakusemi. Watu waliokua pamoja wanarudi kwenye lugha ya nyumbani bila hata kujisikia, hasa wakicheka. Jifunze salamu, ingia asubuhi na "ugonile", shukuru kwa "ndaga". Ukizitamka vibaya watakurekebisha, na hapo mazungumzo yameshaanza. Ya kazi yatenganishe na ya chai: mtu akitoa maelekezo kwa Kinyakyusa, sema pale pale, "Naomba kwa Kiswahili, nisije nikakosea." Kwenye dawa, mashine na fedha usikubali kabisa kuotea.

Nilimkopesha, sasa ananikwepa

*Nilimkopesha mfanyakazi mwenzangu 150,000. Miezi minne imepita, nikiingia chumba hiki yeye anatoka. Tuko Makambako.*

Anayekukwepa mara nyingi anaona aibu, na deni zima limemshinda kulitoa mara moja. Mpe njia ndogo: 50,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi mitatu, kwa simu, siku ile ile mshahara unapoingia na si kesho yake. Mtumie ujumbe wenye kiasi na tarehe, aujibu kwamba amekubali. Jibu hilo ndilo hati yako. Usimtaje kwenye kundi la WhatsApp la kazini wala usimwombe mhasibu amkate kimyakimya. Mpaka amalize, usimwongezee hata elfu tano ya nauli.

Mwenzangu alinisemea, nimeachishwa kazi

*Nimefanya kazi duka la vifaa vya ujenzi Iringa kwa miaka miwili. Mwenzangu alimwambia meneja kwamba nauza nje ya risiti. Sikuitwa kwenye kikao chochote, nilipewa barua ya kuachishwa tarehe 3. Leo ni wiki mbili. Ndugu wananishauri nimsubiri mkurugenzi arudi safari nikamwombe.*

Usisubiri. Kumwomba mkurugenzi ni haki yako, lakini wakati unamsubiri siku zako zinakatika. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa. Wiki mbili umeshazitumia. Ukichelewa, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze kwa nini ulichelewa, na "nilikuwa namsubiri mkurugenzi" ni sababu dhaifu.

Tume ina ofisi Iringa mjini, na Mbeya pia kwa wasomaji wa huko. Nenda ukachukue fomu namba moja, ile wanayoiita CMA F1. Jaza tarehe ya kuachishwa kama ilivyo kwenye barua, sababu iliyoandikwa, na unachodai. Fomu hiyo mwajiri anapewa nakala kwanza, na anayeipokea anasaini. Akikataa kusaini, nenda na shahidi aliyeona, au itume kwa njia yenye stakabadhi. Ndipo unaipeleka Tume pamoja na uthibitisho kwamba mwajiri ameipata. Wengi hukwama hapa: wanafika Tume na fomu nzuri ambayo mwajiri hajaiona, wanarudishwa, siku mbili tatu zinapotea. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambao unatakiwa kukamilika ndani ya siku 30, na hapo hakuna anayehukumiwa. Mnakaa na msuluhishi kutafuta mwafaka.

Katika barua yako jambo zito si lile alilolisema mwenzako. Ni kwamba hukuitwa. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka mfanyakazi ajulishwe tuhuma kwa namna na lugha anayoielewa, apewe muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, na aruhusiwe kuingia kikaoni na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Duka likiwa dogo kikao kinaweza kuwa chepesi, lakini kukusikiliza bado kupo pale pale.

Mwenzako mwache. Usimpigie simu, usimtumie maneno ya uchungu usiku. Ujumbe huo unaweza kusomwa mbele ya msuluhishi, na huenda ukamhitaji kama shahidi. Kusanya mkataba, barua ya tarehe 3, hati za mshahara au meseji za malipo za miezi mitatu ya mwisho, na majina mawili ya watu waliokuwepo dukani. Kama mkataba hukupewa, nenda hivyo hivyo, meseji za mshahara zitaonyesha ulikuwa mwajiriwa. Jumatatu asubuhi uwe kwenye foleni.